Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ni uchunguzi wa sampuli ufanywao Tanzania Bara na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambao madhumuni yake ni kupima hali ya maisha na umaskini kwa kuzihoji kaya na kuandika gharama zao za kila siku katika shajara. Ule wa 2017/18 ulikadiria umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa asilimia 26.4, kutoka 28.2 mwaka 2011/12.

Ofisi hiyo huwapa watafiti data zilizoondolewa majina, kwani sheria yaihifadhi siri ya waliohojiwa. Aanzaye kuzitumia yampasa kwanza alisome dodoso na maelezo ya sampuli kwa taratibu, kisha ndipo azishike tarakimu. Maana kaya hazikuteuliwa kwa uwezekano ulio sawa, na kila moja imepewa uzito wake, ambao ukipuuzwa, wastani upatikanao huwa ni wa waliohojiwa tu, wala si wa nchi.

Hadhari iliyo kubwa zaidi ni kwamba sampuli hiyo haikukusudiwa kusemea kata mojamoja. Kwa hiyo atakaye habari za kata ya Kivukoni au ya Kariakoo, Dar es Salaam, peke yake asizitolee hukumu kwa kaya chache azikutazo humo, bali na arejee Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ingawa sensa haipimi matumizi ya kaya.