Barua Zisizo na Pa Kupelekwa

Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu cha masimulizi ya vijana waliosoma Kiungani, Unguja, katika chuo cha ndugu zetu Waanglikana. Waliandika wao wenyewe, A. C. Madan, yule wa kamusi, akawatafsiria kwa Kiingereza. Wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa majahazini na manowari za Waingereza. Walikuwamo Wanyasa na Wayao, yaani watu wa ziwa letu na nchi jirani.

Mwanafunzi aliye mbali huandika nyumbani: nimefika salama, mnisalimie mama. Hawa walijua kuandika, lakini wamwandikie nani? Kijiji kilichochomwa hakipokei barua. Basi habari za nyumbani wakawaandikia wageni: wazazi, mashamba, siku ya kukamatwa, kuuzwa mkono hata mkono mpaka pwani. Nayasoma kama barua.

Yusufu alipomwita mwanawe Manase, alisema Mungu amemsahaulisha nyumba ya baba yake. (Mpaka ndugu zake walipofika Misri hatusomi kwamba alimpelekea Yakobo salamu.) Vijana wa Kiungani hawakusahau, ingawa walibatizwa kwa majina mapya.

Baadaye chuo hicho kilileta walimu ziwani. Augustine Ambali, aliyesoma Kiungani, alihudumu huku hata akawa kasisi. Kaburi la W. P. Johnson, aliyefariki 1928, liko Liuli, nasi twalijua. Masimulizi ya wale vijana, ni nani Mbinga amewahi kuyasoma kanisani?