Ngozi au Plastiki katika Ngoma Kuukuu

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Leo, msomaji, ziko ngoma nyingi zisizo na ngozi hata kidogo, nayo habari ya mabadiliko hayo yafaa kujulikana, hasa na mtu aliyerithi ngoma ya zamani akatakiwa kuiwamba upya.

Nazinena ngoma za bendi za Marekani, zilizoundwa kabla ya 1957 na makampuni kama Ludwig, Slingerland na Gretsch. Hizo ziliwambwa ngozi ya ndama, iliyolowekwa majini hata ikalainika, ikakunjwa juu ya pete ya mti, kisha ikaachwa ikauke. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye upole. Lakini penye unyevu ngozi hulegea, na penye ukavu hukazika hata kupasuka. Wapigaji wetu huzipasha ngoma zao moto. Wale wa Marekani, katika miaka ya 1920 na 1930, walitia taa za umeme ndani ya ngoma kubwa. Nuru yake iliipendeza picha iliyochorwa usoni, na bila shaka watazamaji wengi walidhani ni urembo tu!

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya DuPont ilitoa utando mwembamba wa poliesta, ulioitwa Mylar. Mwaka 1956 Chick Evans alifanya viwambo vya utando huo, na mwaka 1957 Remo Belli, mpiga ngoma wa California, akaanzisha kampuni yake ya kuvitengeneza. Viwambo hivyo havikujali mvua wala jua, navyo vilistahimili mapigo ya nguvu. Haukupita muda mrefu ngozi ikaachwa na wengi.

Basi, mwenye ngoma ya 1935 achague nini? Ikiwa itasafiri kila juma, sitamlaumu akitaka plastiki. Lakini mzinga wa zamani mara nyingi una kipenyo kikubwa kidogo kuliko vipimo vya sasa, na ukingo wake ni wa mviringo. Ngozi mbichi huufuata mti jinsi ulivyo. Kiwambo cha plastiki huja na pete ngumu ya alumini, nacho hukwama. Ndipo mtu mwenye haraka atwaapo msasa akaupunguza mti, au akauchonga ukingo uwe mkali. Kosa hilo silisamehe. Ngozi iliyopasuka hubadilishwa, na plastiki huvuliwa, bali mti uliochongwa haurudi. Tena hakuna haja: siku hizi vyapatikana viwambo vya plastiki vilivyofanywa vipana kidogo kwa ajili ya ngoma hizo, na vingine vinavyoiga sura ya ngozi.

Mimi ningeiwamba ngozi ngoma inayokaa nyumbani, nikakubali taabu yake. Huko Vienna, wapigaji wa okestra ya Filharmonia wameikubali taabu hiyo mpaka leo: ngoma zao kubwa za shaba bado huwambwa ngozi ya mbuzi.