Kopa ni Kikombe: Zama za Kati katika Karata za Karatu

Utangulizi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Karatu. Mchana, madereva wa watalii wanaosubiri wageni wao hukaa chini ya mti wakacheza karata. Siku moja binamu yangu, ambaye naye ni dereva, alitoa mfukoni bunda la kadi aliloachiwa na mgeni. Hazikuwa karata tunazozijua. Moja ilikuwa na joka, nyingine ngome, nyingine mpanda farasi aliyevaa deraya. "Haya msomi, hizi zinachezwaje?" akaniuliza. Sikujua. Babu, aliyekuwa kwenye benchi, alizitazama kidogo akazirudisha. "Mambo ya Wazungu hayo. Gawa karata bwana, turufu kopa!"

Nilicheka, lakini kicheko hicho kilinirudia. Mwaka jana katika semina yetu mwenzetu mmoja alisoma hadithi yake yenye ngome, panga na wafalme. Nilisimama nikamwambia, tena kwa sauti kubwa, kwamba ameazima Zama za Kati za Ulaya, na kwamba Mwafrika hana kazi nazo. Darasa lilinipigia makofi. Mwenzetu hajaleta hadithi nyingine mpaka leo. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba nilikosea, na kwamba ushahidi ulikuwa mdomoni mwa babu yangu.

Kadi zenye majoka

Kadi za binamu zilikuwa za mchezo uitwao Magic: The Gathering. Uliotungwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Tofauti na karata za kawaida, hapa kila mchezaji ana bunda lake mwenyewe, ananunua kadi, anazikusanya na kubadilishana na wenzake. Kila kadi ni kipande cha ulimwengu wa kubuni wenye wachawi, majoka na askari wa farasi. Ni ukoo mmoja na riwaya za Tolkien na mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974.

Kwa haraka haraka ungesema ni Ulaya tupu. Lakini nyongeza ya kwanza ya mchezo huo, iliyotoka Desemba 1993, iliitwa Arabian Nights. Ndani yake wamo Aladdin, Ali Baba na Sindbad, watu ambao wazee wetu waliwasoma kwa Kiswahili katika Alfu Lela Ulela. Mwaka uleule mchezo ulipozaliwa, watungaji wake walikuwa tayari wamevuka bahari kutafuta hadithi.

Kikombe kisichoonekana

Sasa turudi kwa babu. Alijifunza karata ujanani katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, kutoka kwa vibarua waliotoka pwani. Majina aliyofundishwa ni manne: kopa, uru, shupaza na pau. Karata anayoiita kopa ina picha ya moyo mwekundu. Muulize kwa nini moyo uitwe kopa, atakwambia ndiyo jina lake, basi.

Jibu liko katika Kireno. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga na paus ni magongo. Karata yenyewe ni carta, na turufu ni trunfo. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaivamia Kilwa mwaka 1505, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Walituachia meza, leso na bendera, na wakatuachia karata. Karata zao zilikuwa na picha za vikombe, sarafu, panga na magongo. Zile za moyo ni za Kifaransa. Zilianza mnamo mwaka 1480, Waingereza wakazichukua, na ndizo tunazonunua dukani leo. Picha ilibadilika, jina halikubadilika. Babu akitupa moyo chini, mdomo wake bado unataja kikombe cha Zama za Kati.

Tuendelee nyuma zaidi. Wareno nao walizitoa wapi? Mwaka 1377 wakuu wa Florence, Italia, walitoa amri kuhusu mchezo waliosema ni mgeni kwao, uitwao naibbe. Wareno na Wahispania husema naipes. Katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, limehifadhiwa bunda la karata za Wamamluki wa Misri. Lina panga, vikombe, sarafu na fimbo za polo. Karata zake kuu hazina picha za watu, zimeandikwa vyeo tu: mfalme, naibu wa mfalme, naibu wa pili. Ndiyo, naibu huyuhuyu wa Naibu Waziri! Kutokana na yeye Wazungu walipata jina la mchezo. Fimbo za polo hawakuzielewa, zikageuka magongo.

Na karata zetu zenye picha za mfalme, malkia na kijana zinaitwaje kwa Kiswahili? Mzungu. Basi tazama kichekesho hiki: Ulaya ilipopokea karata iliziita kwa neno la Kiarabu, nasi tulipozipokea tukaziita zile kubwa Mzungu. Kila mmoja alimsingizia jirani yake. Hapo ndipo hoja yangu ya semina inapoanguka. Zama za Kati nilizozigawa kama shamba la Ulaya zilikuwa njia panda, na pwani yetu ilikuwa kwenye njia hiyo.

Farasi wa Zhalfir

Je, tuseme basi kila kitu ni chetu, tunyamaze? Hapana. Mwaka 1996 mchezo huo ulitoa seti iitwayo Mirage, ambayo nchi yake ya kubuni, Jamuraa, ilichorwa kwa kuiangalia Afrika. Moja ya falme zake ni Zhalfir, na Zhalfir ina askari wa farasi wenye uwezo maalumu wa kushambulia ubavuni. Kwa Borno au Hausa sawa, huko farasi wa vita walikuwepo. Lakini huku kwetu mbung'o na maradhi vilimzuia farasi. Wamaasai na Wadatoga walipoigombania Ngorongoro katika karne ya 19 walipigana kwa miguu, kwa mkuki na ngao. Karibu na msitu wa Lerai, ndani ya kreta, bado kuna makaburi ya wazee wa Kidatoga.

Nasi tulikuwa na karne hizohizo. Shuka kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu, kata kushoto ufuate ukuta wa Bonde la Ufa, utafika Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu waliishi pale katika vijiji vya mawe, wakamwagilia kwa mifereji mashamba ya takriban kilomita 20 za mraba. Louis Leakey alipachimba mwaka 1935. Kuna wataalamu wanaowahusisha watu wale na Wairaqw, wengine na Wasonjo. Nimepita njia panda ile mara nyingi nikiwa kwenye basi, sikuwahi kuteremka.

Hitimisho

Kwa hiyo swali la mhakiki lisiwe "hiki ni chao au chetu?" Hilo ni swali la mvivu, na mimi nililiuliza. Swali ni kama mtunzi anajua kitu alichokiazima kimetoka wapi na kinafanya kazi gani hapa alipokileta. Farasi wa mwenzetu nilikuwa na haki ya kumhoji. Ngome yake na panga zake sikuwa na haki ya kuzifukuza.

Siku hizi vijana wa Karatu wanasema moyo na maua, maana ndivyo wanavyoona kwenye karata. Kopa na pau wanawaachia wazee. Nimeanza kuyaandika majina hayo daftarini. Na kwa mwenzetu wa semina, kama unasoma ukurasa huu: ile hadithi ilete tena. Safari hii nitakaa, nitasikiliza mpaka mwisho.