Bakuli la Vipande: Habari za Mafundi Waliookota Mabaki ya Mbao

Ingia siku moja katika karakana ya seremala wakati wa jioni, saa ya kufagia. Meza imekwisha, viti vimekwisha, na mwenye mali amekwenda zake amefurahi. Chini kumebaki nini? Vipande vya mbao: kimoja kirefu kama kidole, kingine kipana kama kiganja; chekundu, cheusi, cheupe. Mama wa nyumba anavingojea jikoni, na kabla ya usiku kuingia vimekuwa majivu. Hatumlaumu, maana chakula hakiivi bila kuni. Lakini wako mafundi katika nchi za mbali waliotazama vipande kama hivyo wakaona bakuli. Habari zao ndizo ninazotaka kuwaeleza leo, maana zina fundisho ndani yake.

Bakuli la gogo moja

Kwanza tujue maana ya kukereza. Mtu anayechonga kwa tezo, kama wazee wa Bakuba wa Kasai waliochonga vikombe vyao maarufu, mti wake umetulia na mkono wake ndio unaokwenda. Anayekereza hufanya kinyume: mti unazunguka, na chuma kimetulia mkononi. Chombo cha kuuzungusha mti huitwa kerezo.

Chombo hicho ni cha zamani sana. Huko Misri, mahali paitwapo Tuna el-Gebel, lipo kaburi la kuhani Petosiris, lililojengwa yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Ukutani wamechorwa watu wawili wakikereza: mmoja anavuta kamba ili mti uzunguke, mwenzake anashika chuma. Baadaye, huko Ulaya, fundi aliweza kufanya kazi hiyo peke yake. Kamba ilifungwa juu kwenye ufito mrefu unaonesa, ikazungushwa katika mti, ikashuka mpaka kwenye kibao cha kukanyaga. Fundi akikanyaga, mti huzunguka kumwelekea, naye hukata. Akiinua mguu, ufito huvuta kamba, mti hurudi nyuma, naye hungoja. Kukata na kungoja, kukata na kungoja, kutwa nzima!

Watu wa Ulaya walikula katika mabakuli ya namna hiyo kwa karne nyingi. Merikebu ya vita ya Waingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545. Ilipoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, sahani na mabakuli ya mti ya mabaharia wake yalikuwa yamepatikana humo.

Lakini kazi hiyo ina hasara moja. Bakuli ni tupu katikati, na ili kupata utupu huo, lazima mti wote uliokuwa ndani ukatwe uwe maranda. Sehemu kubwa ya gogo zuri hupotea ili lipatikane ganda lake tu! Mafundi waliiona hasara hiyo, wakaitafutia dawa kwa njia mbili.

Mzee wa Bucklebury

Njia ya kwanza ni kuutoa mti wa ndani ukiwa mzima. Aliyejulikana sana kwa ufundi huo ni George Lailey, aliyezaliwa mwaka 1869, akafanya kazi Bucklebury, katika wilaya ya Berkshire, Uingereza. Kazi hiyo aliirithi kwa wazee wake. Alikuwa na vyuma vilivyopindika kama ndoano, na kwa vyuma hivyo aliingia ndani ya kipande kimoja cha mti uitwao elm. Akatoa bakuli dogo, na nje yake la pili kubwa kuliko lile, na nje yake la tatu, kama maganda ya kitunguu. Kerezo lake lilikuwa lile la ufito na kamba, ingawa siku zake mashine zilikuwa zimekwisha kuenea kila mahali.

Mzee huyo alikufa mwaka 1958, na hakuwa na mwanafunzi wa kumrithi. Kerezo lake likachukuliwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho mjini Reading. Miaka mingi baadaye, watu waliotaka kuufufua ufundi huo iliwabidi wavichungue vyuma vyake, maana mwenye kuwaambia hakuwapo tena. Tukumbuke neno hili, tutalirudia.

Tita la vijiti

Njia ya pili ni kuviokota vipande vidogo, kuviunganisha kwa gundi, kisha kuvikereza kama mti mmoja. Huko Uingereza tena, katika mji wa Tunbridge Wells, yapata mwaka 1830, fundi James Burrows alianza kukusanya vijiti vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali. Alivichonga kwa pembetatu au kwa umbo la almasi ili vishikamane pasipo nafasi, akavitia gundi kama tita moja la kuni. Gundi ilipokauka, tita likawekwa kwenye kerezo. Lilipokatwa, rangi zilijitokeza zimepangika kama nyota. Kwa namna hiyo walitengeneza vitu vidogo vidogo vya nyumbani, kama vitako vya vijito vya kuchomekea pindi.

Je, walipaka rangi? La, kwa kawaida hawakupaka. Walitumia rangi ya mti wenyewe, na aina za miti zilizotumika sana zilikuwa kama 40. Hata rangi ya kijani waliipata porini, katika matawi ya mwaloni yaliyoingiwa na kuvu. Mti ambao mwingine angeuita mbovu, wao waliutafuta kama dhahabu.

Mafundi wa mji huo walitumia vijiti hivyo pia kupamba meza na masanduku. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, Edmund Nye alileta meza yenye picha ya merikebu baharini. Picha hiyo ilifanyika kwa vipande vya mti 110,800. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hiyo ilidhoofika, na karakana zikafungwa moja moja.

Mlima wa Hakone

Katika nusu ile ile ya kwanza ya karne ya 19, upande wa pili wa dunia, Wajapani nao walikuwa wakiunganisha vipande. Milima ya Hakone ina miti ya aina nyingi, na njia kuu ya kutoka Edo, mji unaoitwa sasa Tokyo, kwenda Kyoto ilipita hapo. Wasafiri walipumzika katika kijiji cha Hatajuku. Huko aliishi Ishikawa Nihei (1790–1850), na kwake Wajapani huhesabu mwanzo wa kazi iitwayo yosegi.

Fundi wa yosegi hukata vijiti kwa pembe sawasawa, huviunganisha mpaka vifanye nakshi, kisha huunganisha nakshi kwa nakshi mpaka apate gogo la vipande. Hapo ana njia mbili. Aweza kulipiga randa, apate ngozi nyembamba kama karatasi ya kubandika juu ya sanduku. Au aweza kuliweka gogo lenyewe kwenye kerezo na kutoa bakuli. Bakuli hilo nakshi yake si pambo la juu tu: imeingia mpaka ndani, na mahali chuma kinapopinda, mistari iliyonyoka hufunguka kama ua.

Mwaka 1984 serikali ya Japani iliitambua rasmi kazi hiyo kuwa ufundi wa mapokeo. Kazi haikufa, kwa sababu vijana waliendelea kukaa karibu na wazee na kujifunza.

Hesabu ya pete

Leo wakereza wengi wa Marekani na Ulaya hujenga bakuli kwa pete zinazopandana kama matofali ya kisima. Pete ya vipande 12 huhesabiwa hivi: duara zima lina digrii 360, kila kipande huchukua 30, basi kila mwisho wa kipande hukatwa kwa digrii 15. Kiungo cha pete ya juu huwekwa katikati ya kipande cha chini. Mbao sharti ziwe kavu sawasawa. Kwa rangi nyeusi wengi hutumia wenge, mti wa misitu yetu ya Kongo!

Mimi na seremala mmoja jirani tulijaribu. Tulikata vipande 12, tukavipanga: pete ikakataa kufunga. Tulishangaa, maana kila kipande kilionekana kizuri. Kumbe, vipande 12 vina mikato 24. Ukikosea nusu digrii katika kila mkato, mwishoni una pengo la digrii 12. Kosa dogo halikai dogo likirudiwa. Dawa yake wakereza wanaijua: unganisha nusu mbili za pete kwanza, nyoosha ncha zake kwa randa, ndipo uzikutanishe. Tulifanya hivyo, ikafunga.

Neno moja tena. Mti hufura kwa upana wake, lakini kwa urefu wake karibu haubadiliki. Kwa hiyo ubao mpana uliogandishwa kuwa kitako chini ya pete waweza kulipasua bakuli lote. Kitako kiwe kidogo. Mambo kama haya mtu akiyatafuta peke yake hupoteza mbao nyingi. Fundi akimwonyesha, huyajua kwa siku moja.

Sasa turudi kwa Mzee Lailey. Hakupoteza mti: alitoa bakuli ndani ya bakuli. Lakini ujuzi wa mikono yake ulizikwa pamoja naye, na wengine wakaokota mabaki yake katika jumba la makumbusho. Hatumlaumu. Ni nani mwenye kosa, ikiwa hakuna kijana aliyekuja? Mafundi wa Hakone nao walikata vipande vidogo kuliko vyake, lakini wao walirithishana.

Basi, wewe fundi unayesoma ukurasa huu, jioni ukishika ufagio, tenga vipande vilivyonyoka na vikavu. Kisha tazama mlangoni. Labda yupo mtoto amesimama hapo tangu adhuhuri akiitazama randa yako. Usimfukuze. Mwite aingie, umpe kipande kimoja ashike.