Ukoo wa Mama, Saini ya Mjomba

Ukishuka Mikese, kituo cha Reli ya Kati kati ya Ngerengere na Morogoro mjini, ukauliza shamba hili la nani, mara nyingi jibu litaanzia kwa mama. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa kukeni, na ardhi ya ukoo hurithiwa huko huko. Mgeni akisikia hivyo hudhani kafika nchi inayotawaliwa na wanawake. Wapi! Kwa desturi msemaji wa ukoo, mgawaji wa ardhi na mwamuzi wa mashauri, ni mjomba. (Ndiyo, Simbamwene, binti wa chifu Kisabengo, ndiye aliyeshika mji ambao leo ni Morogoro msafiri Stanley alipopita mwaka 1871. Lakini mtawala mmoja hageuzi desturi.)

Taasisi za utafiti nazo, naona, zinakwenda mwendo huo huo. Kwa hesabu za UNESCO, duniani mwanamke ni mtafiti mmoja kati ya watatu. Wastani huo unaficha mengi. Kwenye afya na elimu ya viumbe wanawake wamejaa. Kwenye uhandisi na kompyuta unawatafuta kwa tochi. Kampuni zinazolipia utafiti wao zenyewe huwa nao wachache kuliko vyuo vikuu, na Japani, pamoja na viwanda vyake vyote, haifikishi hata mmoja kati ya watano. Kwenye kilimo, uchunguzi uliofanywa katika nchi 15 za Afrika mnamo 2008 ulikuta wanawake ni karibu robo ya watafiti, na kwenye viti vya uongozi ni asilimia 14 tu. Na jembe je, liko mikononi mwa nani?

Chukua maharage. Mama wa Uluguru anayetaka mbegu ya msimu ujao huchagua punje moja moja, zilizonyauka anazitupa, zilizobaki anazianika mpaka ziwe kavu kabisa, kisha anazichanganya na majivu yaliyochekechwa ili fukusi asipate pa kutoboa. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro mjini, Profesa Susan Nchimbi-Msolla na wenzake wamehangaika miaka mingi na fukusi huyo huyo, wakitafuta ukinzani ulio ndani ya punje yenyewe. Programu yao ya maharage ndiyo iliyotoa aina kama SUA 90 na Rojo. Jikoni dawa inapakwa kwa nje, maabara inaitafuta kwenye uzao. Swali ni moja, ila mama analo jingine la nyongeza: yatachukua kuni ngapi kuiva? Mtafiti asiyewahi kukaa jikoni hulisahau kirahisi, na aina yenye mavuno tele ikadoda sokoni.

Milima hii ya Uluguru imekwisha kuona utafiti usiouliza. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye ramani mpango ulipendeza. Shambani uchimbaji ulifukia udongo wa juu wenye rutuba, ukaibua ule mbichi wa chini, na kazi ikawa kubwa kuliko mavuno. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachachamaa, ghasia zikazuka, mpango ukaachwa. Mimi siamini kwamba mwanamke mmoja mezani angeokoa mradi ule. Angesikilizwa na nani? Wangekuwapo wengi, wenye sauti kwenye bajeti, huenda ngazi zile zingejaribiwa kwanza kwenye shamba moja.

Mradi wa AWARD wa wanawake katika utafiti wa kilimo Afrika, ulioanzishwa Nairobi mwaka 2008, ulianza kwa kuwapa wanasayansi wa kike walezi na mafunzo ya uongozi, baadaye ukageukia taasisi zenyewe. Huko ndiko kwenye kibarua kigumu. Binti anafundishika, tena upesi. Mjomba ndiye wa kushawishiwa, maana fungu la utafiti bado analigawa yeye.