Kikosi Hakiundwi kwa Wiki Moja

Mwaka 1971, mjini Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la mpira wa magongo. Uti wa mgongo wa timu hiyo ulikuwa Wakenya wenye asili ya Asia, kama Avtar Singh Sohal, aliyeshiriki Olimpiki nne. Lakini sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilikuwa zimewasukuma maelfu ya Waasia kuhamia Uingereza. Timu yetu ya wanaume ilicheza Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1988. Kila tunaposhindwa kufuzu, twamlaumu kocha. Mimi nauliza: nani aliandaa warithi wa waliohama? Kikosi huundwa na shule zenye viwanja, na taifa lisilomwona mzaliwa wake kuwa mgeni.