Faili Kubwa, Kumbukumbu Ndogo: Kutoka Daftari la Pamba hadi Kompyuta Kuu

Kuoanisha faili na kumbukumbu ni kulipatia faili lililo kwenye diski anwani ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Programu hulisoma kana kwamba limo humo lote, ilhali kila ukurasa huletwa pale tu unapoguswa. Mbinu hii ilizaliwa kwenye kompyuta kuu, mashine za kujaza chumba, katika miaka ileile ambayo Tanzania ilizinunua, ikazijaribu, kisha ikazipiga marufuku.

Haja yake inaonekana hata Lamadi, kando ya Ghuba ya Speke, mji ambao leo uko Wilaya ya Busega mkoani Simiyu na kabla ya 2012 ulihesabiwa Magu. Hii ni nchi ya pamba. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa, na Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa mwaka 1955; hesabu za mkulima zikakaa katika daftari la chama cha msingi. Karani wa mizani hakariri daftari zima. Hufungua ukurasa wa mkulima aliyesimama mbele yake, huandika uzito, basi.

Kompyuta za mwanzo hazikuweza hata hilo. Bomani huyohuyo aliiongoza Wizara ya Fedha kuanzia 1962 hadi 1965, mwaka ambao wizara ilipata kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500. Kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyouzwa kwa jina la Kiingereza, na kumbukumbu ya mashine hizo ilibeba herufi kati ya 10,000 na 40,000. Kadi moja ya kutoboa ina safu 80. Kwa hiyo hata kumbukumbu iliyo kubwa kuliko zote ingejaa kwa kadi 500, programu yenyewe ikiwa bado haijapata mahali pa kukaa. Kwa mashine za kizazi hicho faili lilibaki kwenye kanda za sumaku, likisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kubadili mstari mmoja kulidai kunakili kanda nzima, na mafundi wakahifadhi vizazi vitatu, babu, baba na mwana, ili kanda mpya ikiharibika kazi irudiwe kutoka ile ya nyuma.

Njia ya kutoka ilionekana Manchester mwaka 1962. Kompyuta ya Atlas iliigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512, ikazihamisha yenyewe kati ya kumbukumbu kuu na ngoma ya sumaku bila mwandishi wa programu kujishughulisha. Multics, mradi ulioanza Marekani katikati ya miaka ya 1960, ulikwenda mbali zaidi: faili na kipande cha kumbukumbu vikawa kitu kimoja. Hapakuwa tena na amri ya kusoma wala ya kuandika. Programu ilitaja anwani, mfumo ukatafuta ukurasa.

IBM ilitangaza kumbukumbu ya namna hiyo kwa mashine zake za System/370 mwaka 1972, na mfumo wa MVS ukafuata mwaka 1974. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, nchi ikiwa na mashine saba tu na hesabu za serikali zikiwa zimevurugika ndani yake. Kwa wakulima wa Lamadi lilikuwa jambo la mbali. Kilichowagusa ni kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976.

Nje, kazi iliendelea. System/38 ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1978, iliweka kila kitu katika uwanja mmoja wa anwani, na AS/400 ya mwaka 1988 ikaurithi. Kwenye MVS ya miaka ya 1980 programu iliweza kuoanisha faili lenye kurasa za baiti 4,096 na eneo la kumbukumbu. Ugumu haukuwa katika kusoma bali katika kuandika: ukurasa uliobadilishwa kwenye kumbukumbu haujafika diskini, na umeme ukikatika unapotea. Kwa hiyo programu ilipaswa kutoa amri ya kuhifadhi, na mfumo ukaandika kurasa zilizobadilika tu, nyingine zikaachwa. Hapo ndipo wepesi wa mbinu hii unapodai nidhamu: anayesahau amri hiyo hugundua kosa siku ambayo mashine imezimika.

Masharti ya Tanzania yalilegea katika miaka ya 1980, na zilizoingia kwa wingi baadaye ni kompyuta ndogo. Mbinu nayo ilikuwa imehamia mifumo ya Unix, ikatoka huko hadi Linux. Simu za Android, zinazotegemea kiini cha Linux, huoanisha mafaili ya programu zao na kumbukumbu kila zinapofunguliwa.